Ulimi wa muuguzi tunauchukua, mikono yake tunaiacha

Tufikirie asubuhi moja katika chumba cha tabibu, mahali kama Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa nchini Malawi. Mama mjamzito kutoka Fizi, Kivu Kusini, mashariki ya Kongo, ameketi kwenye benchi. Yeye anajua Kibembe na Kiswahili. Tabibu anajua Kichewa na Kiingereza. Kati yao yuko mwanamke mwingine, mkimbizi naye, anayelipwa posho ndogo ili awe mkalimani. Mama anaeleza kwamba kichwa kinamgonga tangu juzi, macho yanaona ukungu, na ndala alizokuwa akivaa mwezi uliopita hazimwingii tena. Mkalimani anapeleka maneno upande wa pili. Lugha hizi ni ndugu, lakini ni ndugu wa kupotezana: kwa Mkongomani "mutu" ni binadamu, kwa Mchewa "mutu" ni kichwa. Anayachambua maneno, anayapanga, anayafikisha salama. Tabibu, ambaye foleni yake imezunguka jengo na hajanywa hata chai, anaandika kipimo cha malaria na dawa ya maumivu.

Mkalimani anajua kuna jambo limerukwa. Kabla vita havijamtoa Uvira alikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi zamu zake zilikuwa wodi ya wazazi. Kichwa, macho na miguu iliyovimba, vyote kwa mjamzito mmoja, vinamwambia afanye mambo mawili kabla ya jingine lolote: apime presha, kisha apime mkojo kuona kama una protini. Hizo ndizo dalili za hatari za kifafa cha mimba, ugonjwa unaoweza kuondoka na mama na mtoto kwa pamoja. Mikono yake inakijua kipima presha kilichoko mezani kama inavyoujua mwiko wa ugali. Lakini kibarua chake ni maneno. Akisema la kwake atakuwa amevuka mpaka, na mkimbizi aliyevuka mpaka mmoja huwa na hofu ya kuvuka wa pili.

Mama huyo, mkalimani huyo na tabibu huyo nimewatunga. Kanuni zinazowakalisha hivyo sikuzitunga, na ndizo zilizonifanya niandike. Tunapozungumzia ubaguzi kazini dhidi ya wahudumu wa afya wahamiaji, mawazo yetu hukimbilia Ulaya: mgonjwa wa London anayekataa kuguswa na muuguzi mweusi, au daktari kutoka Afrika anayerukwa kila vyeo vinapogawiwa. Hayo yapo na yanauma. Ila upo ubaguzi wa aina nyingine, wa Mwafrika kwa Mwafrika, ambao hauhitaji tusi. Unamkubali muuguzi kama ulimi na kumkataa kama muuguzi. Nasema hili ni kosa la haki, ni kosa la tiba pia, na wa kwanza kulilipia ni mgonjwa.

Dzaleka iko kiasi cha kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 kuwapokea watu waliokimbia mauaji ya kimbari ya Rwanda na vita vya Burundi na vya Kongo. Ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongomani, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Tamasha lao kubwa linaitwa Tumaini, redio yao ya jamii inaitwa Yetu, na sokoni mtu anaweza kununua, kukopa na kugombana kwa Kiswahili kutwa nzima bila kuhitaji lugha nyingine. Kituo cha afya cha kambi hakiwahudumii wakimbizi peke yao. Wanakijiji wa Malawi wanaoishi jirani nao hutibiwa hapo hapo. Wagonjwa wanaokizidi kituo hupelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa, au Hospitali Kuu ya Kamuzu jijini Lilongwe.

Katika watu zaidi ya 50,000 waliotoka Uvira, Bukavu, Bujumbura na Kigali, wahudumu wa afya hawawezi kukosa. Mashariki ya Kongo hospitali zenyewe zimekuwa uwanja wa vita. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani mwao na wahudumu wakauawa pamoja nao. Mganga mkuu wake wakati huo alikuwa Denis Mukwege, ambaye baadaye alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Dunia inamjua Mukwege. Haiwajui wauguzi waliozikimbia hospitali kama ile wakiwa na cheti ndani ya mfuko wa plastiki, au bila cheti kabisa kwa sababu nyumba ilichomwa na karatasi zikiwa ndani.

Cheti hicho nacho kina lugha yake. Kongo huwapanga wauguzi kwa herufi na tarakimu. Wa A2 amesoma shule ya kati ya uuguzi, ile waiitayo ITM. Wa A1 amepitia chuo cha juu, ISTM, na wa A0 ana shahada. Mkongomani akisikia "A1" anajua papo hapo mtu huyo amesoma kiasi gani na anaweza kukabidhiwa nini. Akivuka mpaka, A1 yake inakuwa herufi na tarakimu tu. Karatasi imeandikwa kwa Kifaransa, mfumo wa Malawi ni wa Kiingereza, na baraza la wauguzi la nchi yoyote hutaka uthibitisho kutoka chuo alichosoma mwombaji na kutoka mamlaka ya nchi yake. Kwa mhamiaji wa kawaida hiyo ni kazi ya barua na subira. Mkimbizi anaambiwa, kwa maneno mengine, aiandikie serikali aliyoikimbia aiombe imsifu.

Sheria ndiyo chanzo. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, na mwaka 1989 ikatunga Sheria yake ya Wakimbizi. Ilipojiunga iliweka masharti juu ya vifungu tisa. Ukivisoma ukiwa na muuguzi akilini, utaona vinne kati yake vimekaa kama kufuli kwenye mlango mmoja. Kifungu cha 17 kinahusu kazi ya mshahara, na Malawi ilisema haitamsamehe mkimbizi wajibu wa kutafuta kibali cha kazi. Kifungu cha 19 kinahusu taaluma huru zinazofanywa kwa cheti kinachotambuliwa. Cha 22 kinahusu elimu, pamoja na kutambua vyeti vya nje kwa anayetaka kuendelea na masomo. Cha 24 kinahusu sheria za kazi, ujira ukiwamo. Hivi vitatu Malawi ilitamka kwamba kwake ni mapendekezo na si wajibu. Juu ya hayo kuna kifungu cha 26, cha uhuru wa kutembea, ambacho Malawi ilijihifadhia haki ya kuamua mkimbizi akae wapi. Muuguzi akivuka vikwazo vyote vya cheti, bado ataulizwa anafanya nini Lilongwe ilhali mahali pake ni Dzaleka.

Sisemi kwamba hakuna mkimbizi hata mmoja aliyewahi kupenya na kupata kibali. Nasema mlango unaopitisha mmoja mmoja, kwa bahati na kwa kujuana, haustahili kuitwa mlango.

Waliobaki nje ya mlango huo hufanya nini? Wanafanya kazi ile ile kwa jina dogo. Katika kambi nyingi za ukanda wetu mkimbizi haajiriwi, "hujitolea", na anacholipwa hakiitwi mshahara. Huitwa posho, motisha au insentivu. Mwenyeji anayesimama naye bega kwa bega ana mkataba, ngazi ya mshahara, likizo na pensheni. Mkimbizi ana fulana yenye nembo na posho isiyomfikisha mwisho wa mwezi. Huitwa mhamasishaji, mkalimani au msaidizi, hata pale ambapo miaka yake wodini inazidi ya anayemsimamia. Majina haya yana madhara yake. Ukimwita mtu msaidizi kwa miaka kumi, wenzake watamwona msaidizi, wagonjwa watamwona msaidizi, na iko siku naye ataanza kujiona hivyo. Lawama ikitokea itamshukia yeye kwanza, kwa kuwa hana chama cha kumtetea wala baraza la kumsikiliza. Na mitaani wengi hawajali kama ametoka Bukavu au Kigali: wakimbizi wote wa Maziwa Makuu hutiwa kapu moja wakaitwa "Maburundi".

Hapa naomba msomaji arudi nami nyuma, kwenye maisha ya mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye lango la hospitali kuu ya Lilongwe.

Hastings Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, alikuwa daktari mhamiaji. Mwaka 1937 alihitimu udaktari katika chuo cha Meharry, Nashville, Marekani. Alipotaka kutibu katika himaya ya Uingereza aliambiwa shahada ile haitoshi. Akaenda Edinburgh akaketi darasani upya, akapata leseni mwaka 1941, miaka minne baada ya kuwa daktari kamili. Alitaka kurudi Nyasaland, yaani Malawi ya leo, nchi aliyozaliwa, awatibu watu wake. Wauguzi wazungu wa misheni ya Livingstonia wakaandika kwamba hawatafanya kazi chini ya daktari mweusi. Basi akabaki Uingereza, akawatibu Waingereza wa kaskazini mwa nchi hiyo na baadaye wa London, kisha akaenda Kumasi, Ghana. Alirejea nyumbani Julai 1958, na hapo alirejea kuongoza siasa. Nyasaland iliyokuwa na kiu ya madaktari ilimkosa daktari wake. Kila Mmalawi anayeisoma habari hiyo huona aibu kwa niaba ya Livingstonia.

Banda huyo huyo, alipokuwa mtawala, aliwafungia wapinzani wake katika gereza lililojengwa kwenye tambarare ya Dowa. Gereza hilo liliitwa Dzaleka, jina ambalo kwa Kichewa limebeba ahadi ya mtu aliyeadhibiwa: nitaacha, sitarudia tena. Mei 1994 Banda alishindwa katika uchaguzi wa vyama vingi, na mwaka huo huo gereza lake likageuzwa kambi ya wakimbizi. Hivyo mahali pale daktari aliyenyimwa wodi kwa sababu ya rangi yake alipofungia watu, leo wanakaa wauguzi walionyimwa wodi kwa sababu ya walikozaliwa. Sijui somo la historia lililo wazi kuliko hili, na linasomeka kwa mwendo wa gari usiofika saa mbili, kutoka hospitali yenye jina lake hadi kambi iliyokuwa gereza lake.

Isidhaniwe kwamba hospitali za Malawi zinaogopa wageni. Mwaka 2004 serikali ilikiri kwamba sekta ya afya inazama kwa kukosa watu, ikaanzisha mpango wa dharura. Wahudumu wa afya waliongezewa asilimia 52 juu ya mishahara yao, na madaktari wa kujitolea wakaletwa kutoka ng'ambo kuziba mapengo wakati vijana wa nchi wakiendelea kusoma. Ulikuwa uamuzi wa busara na uliokoa maisha. Chuo Kikuu cha North Carolina kina mradi wake pale pale Hospitali Kuu ya Kamuzu tangu miaka ya 1990. Timu za madaktari wa China hupokezana Lilongwe. Watu hawa ninawaheshimu, wamefanya kazi kubwa. Lakini ninauliza: aliyetoka mbali zaidi, asiyejua Kichewa wala Kiswahili, ametafutiwa njia ya kisheria ya kuingia wodini. Aliyetoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, anayeongea lugha ya mgonjwa na aliyetibu kipindupindu, surua na malaria kwa vifaa haba, yeye njia yake imejaa miiba. Wote wawili ni wageni. Tofauti yao ni kwamba mmoja amekuja na pasipoti na mfadhili, na mwingine amekuja na watoto na godoro.

Gharama ya tofauti hiyo ilionekana mwaka 2023. Kipindupindu kilichoanza Machi 2022 kilikuwa kimeenea nchi nzima, kikawa kibaya kuliko vyote katika historia ya Malawi: wagonjwa karibu 59,000, vifo zaidi ya 1,700. Katikati ya Machi 2023 kimbunga Freddy kikaipiga kusini mwa nchi, na waliokufa na waliopotea wakapita 1,000. Ni wakati ambao nchi ilihitaji kila mkono unaojua kutundika dripu. Tarehe 27 mwezi huo huo serikali ikatoa amri: wakimbizi wote wanaoishi nje ya Dzaleka warudi kambini kufikia katikati ya Aprili. Mei polisi wakaanza msako Lilongwe na kwingineko. Maduka yakafungwa, familia zikapakiwa kwenye magari, na miongoni mwa walioshikiliwa katika gereza la Maula walikuwamo watoto. Kambi iliyokuwa imefurika ikaongezewa watu, na kituo cha afya kikaongezewa foleni. Serikali ilikuwa na hoja zake za usalama na za biashara. Hata hivyo hakuna aliyesimama langoni akauliza swali dogo: nani kati yenu ni muuguzi?

Sitakuwa muungwana nikiipita hoja nzito ya upande wa pili. Malawi ina vijana wake waliohitimu uuguzi na ukunga ambao wako mtaani, kwa kuwa serikali haina fedha za kuwaajiri, ingawa nafasi ziko wazi. Mzazi aliyeuza ng'ombe kumsomesha binti yake uuguzi, akasikia mgeni anapewa kazi, ana haki ya kukunja uso. Sisi wa Afrika Mashariki tumeyaona haya. Machi 2017, madaktari wa Kenya walipokuwa wametoka katika mgomo mrefu, serikali yao iliiomba Tanzania madaktari 500, na Rais John Magufuli akakubali. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani wakisema wenzao wapo nyumbani bila ajira, na mpango ukazuiwa. Magufuli akaamua kuwaajiri hapa hapa Tanzania wale 258 waliokuwa wameomba. Kisa kile kilituonyesha jambo ambalo kelele za wakati huo zililifunika: madaktari wa pande zote mbili walikosa ajira kwa sababu moja, bajeti, na kila upande ukafundishwa kumwona mwenzake ndiye mwizi wa nafasi.

Hivyo ndivyo ilivyo Malawi. Muuguzi mkimbizi hakumnyang'anya kazi binti wa Mchinji au wa Salima. Fungu la mishahara ndilo lililomnyima. Na kazi ninayoizungumzia, kwa sehemu kubwa, tayari inafanyika: mkimbizi yuko ndani ya kituo, anatafsiri, anapima watoto uzito, anapita nyumba kwa nyumba kuwahimiza akina mama wahudhurie kliniki. Swali ni kama ataendelea kuifanya kwa jina la uongo na posho ya aibu. Tena wahitimu wa Malawi wana faida yao katika usawa. Mwajiri akiruhusiwa kumpata muuguzi mwenye uzoefu kwa bei ya msaidizi, hana haraka ya kumwajiri mwenyeji kwa mshahara kamili. Ujira wa mnyonge ukishuka huushusha na wa jirani yake.

Hoja nyingine ni ya viwango. Wengine watasema uhai wa watu hauchezewi, na karatasi ya kughushi inaweza kuingiza muuaji wodini. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Ndiyo maana nataka muuguzi mkimbizi apimwe, na apimwe kwa ukali ule ule anaopimwa mwenyeji: maandishi, vitendo, dawa na vipimo vyake, Kichewa cha kuongea na mgonjwa na Kiingereza cha kuandika kwenye faili. Akishindwa, ashindwe kama mtu aliyepewa mtihani. Leo hashindwi wala hafaulu, kwa kuwa chumba cha mtihani hakifunguki kwake. Kumkataa mtu bila kumpima hakulindi kiwango chochote.

Jirani wa Malawi, Zambia, ameshaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2019 UNESCO ilianza kujaribu huko pasipoti ya sifa za elimu kwa wakimbizi: mtu aliyepoteza vyeti, au asiyeweza kuvithibitisha, anahojiwa na wataalamu, maelezo yake yanalinganishwa na mfumo wa nchi alikosoma, kisha anapewa hati inayosema amesoma nini na hadi wapi. Hati hiyo si leseni ya kutibu, lakini humtoa mwenye nayo kwenye giza na kumfikisha mbele ya baraza la taaluma. Mkataba wa Addis Ababa wa 2014 wa kutambuliana vyeti barani Afrika, ulioanza kutumika Desemba 2019, nao unazitaka nchi zisiwasahau wakimbizi wasio na karatasi. Na katika ule Mkataba wa 1951 kuna kifungu cha 25, kinachoitaka nchi mwenyeji imsaidie mkimbizi kupata hati ambazo kwa kawaida angezipata kwao. Malawi iliweka masharti juu ya vifungu tisa, ila kifungu hiki haikukigusa. Ufunguo huu imekuwa nao mfukoni tangu 1987.

Kuna pia Katiba ya Malawi yenyewe, iliyozaliwa mwaka 1994, mwaka ule ule wa kambi. Kifungu cha 20 kinakataza ubaguzi wa watu wa namna yoyote, na kati ya misingi kinayoitaja ni utaifa, kabila na lugha. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Waandishi wa Katiba hiyo walikuwa wametoka katika miaka thelathini ya kunyamazishwa, wakaandika "kila mtu" mahali ambapo wangeweza kuandika "kila raia". Naamini walikuwa na maana hiyo.

Ninachoomba kinawezekana kabla mwaka haujaisha. Kwanza, wahudumu wa afya walioko Dzaleka wahesabiwe kwa majina na kwa taaluma zao, kazi ambayo shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa na Wizara ya Afya wanaweza kuifanya kwa pamoja kwa wiki chache. Pili, mabaraza ya taaluma yafungue leseni ya muda yenye mipaka: atakayefaulu mtihani afanye kazi chini ya usimamizi katika kituo cha kambi, ambako lugha yake inahitajika zaidi, kabla ya kufikiriwa kwingine. Tatu, mashirika yanayoendesha huduma kambini yaache kulificha pengo la ujira nyuma ya neno la kujitolea, yachapishe kila mwaka nani analipwa nini kwa kazi ipi. Uingereza ilianza mwaka 2015 kuzipima hospitali zake za umma kwa vigezo vya usawa wa rangi, na takwimu zinazotoka zimeiaibisha mara nyingi. Aibu hiyo imekuwa na faida, maana malalamiko ya wauguzi weusi, Wamalawi wakiwamo, hayawezi tena kuitwa hisia. Nne, mkimbizi anayenyanyaswa kazini awe na pa kwenda kushtaki nje ya ofisi inayomlipa.

Na sisi tunaoisoma makala hii Dar es Salaam, Nairobi au Kigoma tusikunje mikono tukaitazama Malawi. Katika kambi ya Nyarugusu kuna wauguzi wa Kongo na Burundi. Katika kambi za Kakuma na Dadaab kuna matabibu wa Kisomali na wa Sudan Kusini. Neno insentivu halikuzaliwa Dowa. Malawi, tena, ina rekodi ya ukarimu ambayo wengi wetu hatuna: mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikiwa na wananchi wasiofika milioni 10, ilikuwa imewapokea Wamsumbiji zaidi ya milioni moja, wakaishi na wanakijiji na kutibiwa zahanati moja. Taifa lililoweza hilo halishindwi kumpa muuguzi mtihani. Ni taifa ambalo wanaume wake walichimba dhahabu ya Afrika Kusini kwa vizazi kadhaa kupitia Wenela, wakala wa kuajiri vibarua wa migodini, wakiitwa wageni kila siku ya maisha yao. Nalo limo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55, iliyotolewa mwaka 2023, ambazo mataifa tajiri yanaonywa yasiende kuzinyang'anya wauguzi. Nchi inayolindwa isiibiwe wauguzi ina wauguzi wengine inaowaweka kando ndani ya mipaka yake.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumeizoea methali hii katika karamu, kwa maana ya kwamba mgeni akija nyama huchinjwa na wenyeji nao hula. Dzaleka imeirudishia maana yake ya neno kwa neno. Mgeni amekuja akiwa na ujuzi wa kuponya, na mwenyeji aliye kwenye foleni pamoja naye, mwanakijiji wa Dowa aliyembeba mtoto mwenye homa, angepona upesi zaidi kama wahudumu wangeongezeka.

Turudi kwenye kile chumba. Mama wa Fizi bado ameketi kwenye benchi, ndala hazimwingii. Tabibu bado ana foleni. Badilisha kitu kimoja tu: yule wa katikati ana beji yenye jina lake na neno muuguzi, na namba ya leseni ya baraza. Anamsikiliza mama mpaka mwisho, kwa Kiswahili. Anamgeukia mwenzake, anasema sentensi moja kwa Kichewa. Kisha ananyoosha mkono kuchukua kipima presha, na hakuna anayemwambia auondoe.